Nyuzi 30 kwa Dodoma? Hapana

Kaka, fundi anayekuambia uinue paneli ya sola nyuzi 30 amechukua hesabu za Ulaya. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo 10 hadi 15 zinakutosha, uso wa paneli ukitazama kaskazini. Ukifuata 6 kamili hutakosea kwa jua, ila maji ya mvua yatatuama kwenye fremu ya chini na kuacha mstari wa tope juu ya seli, vile vipande vinavyotengeneza umeme. Na vumbi la huko unalijua mwenyewe.

Hizo 30 zitakuumiza Desemba. Jua la saa sita linakuwa upande wa kusini wakati paneli imeupa mgongo, na jua la moja kwa moja unalopata ni pungufu karibu robo kuliko ungelaza kwa nyuzi 10.

Kupima ni rahisi: kwa kila mita moja ya usawa, nyanyua sentimita 18, hapo una nyuzi 10. Kama paa lako la bati limeshainama kiasi hicho kuelekea kaskazini, fuata paa, usichomelee stendi ya bure. Acha tu nafasi ya kiganja chini ipite hewa, maana paneli ikichemka umeme hupungua.

Kivuli cha tangi la maji au mwembe kitakula umeme kuliko kukosea nyuzi 5. Kiangazi futa vumbi kwa maji alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.