Kitabu ulichokipenda na miaka 15, kisome tena, ila usianzie pale pa mapenzi

Niko na kitabu kimoja hakina gamba, kurasa 8 za kwanza zilishachanika kabla nikinunue ku Birere, Goma, kwa hiyo mpaka leo sijui nani alikiandika. Ni ile hadithi ya zamani ya Kifaransa, La Belle et la Bête, ya binti Belle anayeenda kukaa kwa Bête, mnyama wa kutisha, juu baba yake alichuma rozi kwake; mtu aliiandika upya kwa ajili ya vijana. Nilikuwa na miaka 15, nikakisoma hata mara kumi, usiku na toroshi, Mama anafikiri niko narevizé. Na 2021 volkano ilipolipuka wakatuambia tutoke mjini, tulikimbilia Sake na sakoshi moja, ndani diplome, karte na kile kitabu. Papa anacheka mpaka leo.

Mwezi uliopita nikakifungua tena na nikafanya kosa la kwanza: nilikimbilia ile meza ya jioni, pale Bête anamuuliza Belle kila siku kama atakubali kumuoa. Zamani roho ilikuwa inadunda. Safari hii nikasema, huyu jamaa neno "hapana" haisikii? Kidogo nikirudishe mu karto. Basi anza mwanzoni, hata kurasa zilizokuwa zinakuchosha, zile za baba kwenye teluji, juu pengine njo pale macho yako yatasimama sasa.

Kisha tafuta toleo la zamani. Mi nilitaka tu kujua kurasa 8 zilisema nini, nikasoma mu telefone ile ya Madame Leprince de Beaumont ya 1756, ni fupi, jioni moja umemaliza. Kumbe hata yeye alikuwa anaandika upya! Alifupisha hadithi ya Madame de Villeneuve ya 1740, kule baba ya Belle, mfanyabiashara, ana watoto 12, yeye akabakisha 6. Na kule nikakuta dada wawili wanajisugua kitunguu machoni ili waonekane wanalia Belle akienda. Nilicheka peke yangu kama kichaa, juu kwenye vilio vya kwetu watu wa kitunguu sijawakosa.

Lakini kilichonikamata ni ile rozi. Siku zote nilifikiri Belle aliomba rozi juu yeye ni mtoto asiyependa vitu. Hapana. Dada zake walishaomba manguo, na akinyamaza itakuwa kama anawahukumu, kwa hiyo akataja kitu kidogo tu. Yule kitinda mimba, mi mtoto wa kwanza, lakini nilijiona palepale: Papa anapanda boti ya Bukavu, anauliza awaletee nini, wadogo wanataja viatu, mi nasema "niletee tu mkate." Wala sikuwa napenda ule mkate!

Kitu kingine, ukiweza, kisome kwa sauti na mtu mwenye umri uliokuwa nao. Mi nilisoma na mdogo wetu wa mwisho, akanikatiza katikati: "Na papa ya Belle aliwasimulia mambo ya Bête ya nini? Si angenyamaza?" Nikakosa jibu. Nikarudi kwa Beaumont, na kweli, baba hamwambii mtoto aende, tena anakataa, lakini kabla ya hapo alishampa zile rozi akisema zitamgharimu sana baba yake. Wewe mtoto ukisikia hivyo utabaki nyumbani namna gani? Miaka yote nilikuwa namuogopa Bête, baba nilikuwa namhurumia tu.

Kuhusu filamu, iangalie nyuma ya kusoma, si kabla, juu sura za wale akta zitakuingilia kila ukurasa.

Na kama kitabu chako nacho kimechanika, usikitupe. Mdogo wangu amechukua biki na karatasi za kaye, anaziandika zile kurasa 8, kwa Kiswahili. Amefika ya tatu. Baba wa hadithi yake hana mameli kama yule mfanyabiashara, anauza sambaza, wale samaki wadogo, na amekataa kabisa kuuliza watoto awaletee nini.