Zaituni wa Ukurasa wa 87

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na siku tisa tu tangu kitoke mtamboni shangazi aliponipigia simu. Sijamaliza kusema shikamoo, akaitikia marahaba na kuunganisha hapohapo: "Hongera mwanangu. Sasa niambie, huyu Zaituni ni nani?"

Nikamwambia hamna Zaituni humo.

"Yumo. Ukurasa wa 87, anamlilia mume wa Zuhura. Nimesoma mpaka mwisho nikingoja uniambie kama ni mke mwenza."

Nikafungua, na kweli yumo. Katika rasimu ya mwanzo mhusika wangu mkuu aliitwa Zaituni. Baadaye nikambatiza Zuhura, nikapita sura baada ya sura nikibadilisha. Wiki ya mwisho, nikiwa na haraka ya kupeleka kazi kwa mchapaji, nilichopoa aya mbili nzuri kutoka rasimu ya zamani nikazipachika sura ya saba. Zaituni akaingia nazo, akachapwa mara 1,000.

Wengi wanaoniandikia kuomba ushauri huuliza jinsi ya kuanza kitabu. Kuanza si tatizo kubwa kama wanavyodhani. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, yanakupa maneno 50,000 kwa wiki 20, na hicho tayari ni kitabu. Sharti langu ni moja tu: usirudi nyuma kupamba sura ya kwanza kabla hujaandika ya mwisho. Mimi niliwahi kuiandika sura ya kwanza mara kumi na moja, na sura ya pili sikuwa nayo. Vitabu vingi huharibikia kwingine kabisa, kati ya siku unayosema "nimemaliza" na siku kinapofika mkononi mwa msomaji. Nitakaa zaidi hapo.

Ukiweka nukta ya mwisho, ufungie mswada kabatini. Mwezi mmoja, ikiwezekana wiki sita. Fanya mambo mengine, soma vitabu vya watu. Siku ya kuutoa, uchape kwenye karatasi kwa aina nyingine ya herufi, kwa sababu jicho limeshazoea ule ukurasa wa kwenye kompyuta na huruka makosa yaleyale kila siku. Kisha usome kwa sauti, wote, hata kama jirani atadhani una wageni. Ulimi hauna heshima kwa mwandishi. Nilikuwa na sentensi hii, na niliipenda: "Alikuwa ni mtu ambaye alikuwa anapendelea zaidi kuwa peke yake wakati wa jioni." Nilipoisoma kwa sauti nikaishiwa pumzi katikati. Sasa inasema: "Jioni alipenda kuwa peke yake." Kwa kusoma kwa sauti ndiyo nikagundua pia kwamba bibi wa miaka themanini na mjukuu wake wa miaka kumi, katika hadithi yangu, walizungumza kama mahakimu wawili.

Halafu mhariri. Hapa nilipoteza pesa kwa kutojua kwamba uhariri ni kazi zaidi ya moja. Kuna anayeangalia kitabu kizima: hadithi inasimama? Sura ya nne ina kazi gani? Kuna anayeshughulika na sentensi, tahajia na ulinganifu wa majina, na huyo ndiye angemkamata Zaituni. Mwisho kuna msomaji wa prufu, anayesoma kurasa zikiwa zimeshapangwa. Mimi nilimlipa msomaji wa prufu wakati kitabu kilihitaji yule wa kwanza. Akasahihisha kwa uaminifu koma zote za sura ambayo ilipaswa kufutwa.

Prufu usiiruke hata ukiwa umechoka, hasa kwa kitabu cha Kiswahili. Programu nyingi za kupanga kurasa hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Mwisho wa mstari programu ilinikatia "kamba" ikawa kam-ba, wakati silabi zetu ni ka-mba. Ilikata "ng'ombe" palepale kwenye ritifaa, herufi mbili zikabaki mstari wa juu zikining'inia. Kwingine ritifaa yenyewe iligeuzwa ikawa alama ya kufungua usemi. Mwambie anayekupangia kurasa azime ukataji wa maneno au aufanye kwa mkono. Na kile kisahihishi cha tahajia kinachobadilisha maneno chenyewe, kizime kabla hujaandika hata neno moja.

Sasa tofauti ambayo ingeniokolea miaka miwili. Mchapaji na mchapishaji si mtu mmoja. Mchapaji unampa faili na pesa, anakupa nakala. Ubovu wa hadithi si shauri lake. Mchapishaji anaweka pesa yake: anahariri, anatengeneza jalada, anachapisha, anasambaza, na wewe anakulipa mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa. Ukiamua kuyagharamia hayo yote mwenyewe, wewe ndiye mchapishaji, na hakuna aibu. Jihadhari na wa tatu, anayejiita mchapishaji, anataka ulipie kila kitu, na bado anataka haki zako. Mmoja aliniambia mswada wangu wa kurasa 240 ni lulu, siku mbili baada ya kuupokea. Nilimuuliza amependa nini sura ya tano. Akanitumia ankara.

Ukienda kwa mchapaji mwenyewe, utaelezwa kwamba ukichapa nyingi kila nakala inakuwa rahisi. Ni kweli kwa uchapaji wa ofseti, ule unaotumia bamba la kuchapia. Bamba hutengenezwa kwa gharama ileile, uchape nakala 10 au 1,000, kwa hiyo gharama hiyo hugawanyika kadiri nakala zinavyozidi. Ila nakala rahisi isiyouzika ni ghali sana, na ikiwa na Zaituni ndani ni ghali zaidi. Uchapaji wa dijitali hauhitaji bamba, unaweza kuagiza 50. Anza na hizo. Makosa yatakayoonekana utayarekebisha kabla ya kuchapa zaidi. Uulize pia karatasi zinavyokunjwa. Mara nyingi karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikawa kurasa 16, hivyo kitabu cha kurasa 240 kinakaa sawasawa, lakini cha kurasa 242 kinaweza kukulazimisha kulipia kurasa tupu. Punguza aya mbili, umepona. Na usiruhusu kazi nzima ianze kabla hujashika nakala moja ya mfano mkononi. Skrini ya kompyuta na wino ni vitu viwili, jalada langu la bluu lilitoka la zambarau.

Kwa jalada, msaada wangu ni mfupi: lipunguze kwenye simu mpaka lifikie ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kama jina la kitabu halisomeki, anza upya.

Ukipata mchapishaji wa kweli, soma mkataba siku ambayo hujafurahi sana. Watu hutazama asilimia ya mrabaha wakasahau kuuliza ni asilimia ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa 100, na muuza vitabu anapewa punguzo la 40. Asilimia kumi ya bei ya jaladani ni 10. Asilimia kumi ya kile kinachomfikia mchapishaji ni 6. Hesabu ni ileile ya "asilimia kumi", lakini mfuko si uleule. Angalia pia nani anashika haki za tafsiri, za filamu na za kitabu cha kusikiliza; kama mchapishaji hana mpango nazo, omba zibaki kwako. Na pawe na kifungu kinachosema kitabu kikiacha kupatikana sokoni, haki zinakurudia baada ya muda uliotajwa. Neno "milele" likitokea mahali popote, weka kalamu chini.

Kuhusu ISBN, watu huiogopa bure na kuitegemea bure. Ni namba ya utambulisho yenye tarakimu 13 (zilikuwa 10 hadi mwisho wa 2006), inayowasaidia wauzaji na maktaba kujua ni toleo lipi. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja huchukua yake. Haikulindi dhidi ya wizi. Hakimiliki ni jambo lingine: chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, katika nchi zote zilizouridhia, haki inakuwa yako bila sharti la kusajili. Kusajili husaidia kuthibitisha mkigombana, basi tunza rasimu zako na tarehe zake.

Zile nakala 1,000 zilinichukua miaka minne kuzimaliza. Nyingi niliziuza mwenyewe, mkoba begani, na kwenye kila ukurasa wa 87 nilikuwa nimemfuta Zaituni na kumwandika Zuhura kwa kalamu.

Kitabu cha pili kilipofika hatua ya prufu, nilimpelekea shangazi kurasa zote pamoja na kalamu nyekundu. Alikaa nazo wiki tatu. Zikarudi safi, nikaanza kutabasamu, mpaka nilipofika ukurasa wa 112. Pembeni, kwa herufi kubwa: "YULE MBUZI ULIMCHINJA SURA YA TATU. HAPA ANAKUNYWA MAJI."