Umeme ulikatika, viinitete vikabaki viwili

SWALI: Shikamoo Mama. Nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, nina miaka 34. Mwezi uliopita nilitolewa mayai ili nipandikizwe mimba. Sita yalirutubishwa, lakini siku ya tano nikaambiwa vimebaki viinitete viwili, yaani mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua. Usiku mmoja katikati hapo umeme ulikatika. Ndio ulioviua? Na kwa nini walinikataza marashi?
Muuza dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimefanya kazi kwenye maabara za kupandikiza mimba, usiku wa namna hiyo naujua. Unasimama na tochi, inkubeta, lile kabati la joto linalotunza viinitete, huigusi. Mlango ukibaki umefungwa joto halitoki upesi. Ukifunguliwa, gesi inatoka papo hapo.

Kiinitete hukaa ndani ya tone la maji ya lishe, dogo kama punje ya choroko, limefunikwa mafuta maalumu lisikauke. Joto ni nyuzi 37. Oksijeni huwekwa asilimia 5, wakati hewa tunayovuta ina 21, maana hata kwenye mirija ya uzazi oksijeni ni kidogo. Kabonidioksidi ndiyo inayoshikilia pH ya tone, yaani kipimo cha uchachu wake, kwenye 7.2 hadi 7.4.

Hapo pana jambo linalonikosesha usingizi. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Kabonidioksidi ya asilimia 6 inayotosha Dar es Salaam, huku inahitaji kusogezwa karibu na 7. Anayeamini namba ya kwenye kioo cha inkubeta bila kupima pH ya maji yenyewe anaviumiza viinitete hata umeme ukiwepo.

Kwa hiyo waulize: jenereta iliwaka baada ya muda gani? Mlango ulifunguliwa? Kumbukumbu za joto na gesi za usiku ule zinasemaje? Ni haki yako.

Lakini usijilaumu, wala usiulaumu umeme kabla ya majibu. Hata maabara nzuri hupoteza karibu nusu ya viinitete kabla ya siku ya tano, mara nyingi kwa kasoro za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Kufikia siku ya tatu, kikiwa na seli kama nane, akiba ya yai inaisha na kiinitete kinaanza kujitegemea. Wengi hukwama hapo.

Marashi? Mvuke wake huingia hewani, ukanaswa na yale mafuta, ukafika kwenye tone. Siku ya kupandikizwa, khanga uliyoifukiza udi iache nyumbani.