Kona ya Magurudumu: Nani Kaichora Njia Hii?

*Shikamoo mzee wa kona. Mimi ni Mkenya, mama wa watoto wawili. Tumehamia Dodoma miezi 4 iliyopita baada ya mume wangu kupata kazi huku. Nikiwa Nairobi, kila Jumamosi nilikuwa juu ya baiskeli ya milimani: Karura, Ngong, na mara mojamoja Hell's Gate. Baiskeli nimekuja nayo lakini sijui pa kuanzia. Programu ya simu niliyokuwa nikiitegemea inanionyesha Dodoma kama uwanja mtupu. Nimetoka mara 3. Mara ya kwanza nilipata pancha 5. Ya pili nilizama mchangani nikasukuma saa nzima. Ya tatu mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza nani amefariki. Mwenye nyumba naye amenitamkia kwamba mwanamke mwenye heshima zake haonekani porini na kaptura saa 12 asubuhi. Je, huku kuna njia za baiskeli ya milimani? Na hii miiba mnaishi nayo vipi?*
*Mgeni wa Area D*

Marahaba mwanangu, na karibu Dodoma. Hapo pa mzee na msiba nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuchungulia. Yule mzee hakuwa na ubaya. Huku mtu anayekimbiza baiskeli alfajiri, hana dumu la maji, hana gunia la mkaa, hana mtoto wa kumpeleka shule, ataeleweka vipi kama si mpeleka taarifa? Siku nyingine simama, mwamkie kwa shikamoo, mwambie unafanya mazoezi. Neno mazoezi linaeleweka kila kijiji. Na ukiweza kumtupia "mbukwa" ya Kigogo, utaonyeshwa njia ambayo simu yako haitaijua hata miaka 10 ijayo.

Mimi mwenyewe ni wa kuja. Kwetu Lushoto, nililetwa huku kwa uhamisho wa ualimu mwaka 1989, nikaja na baiskeli aina ya Phoenix na kiburi cha mtu wa milimani. Nilidhani nchi tambarare haina cha kunifundisha.

Swali lako la kwanza: njia zipo, tena nyingi kuliko za Karura. Ila hakuna aliyezitengeneza kwa ajili yako. Karura unalipa getini, makutano yana namba, ukipotea unasoma kibao. Huku njia inakwenda anakokwenda mwenye nayo, kwa hiyo kabla ya kuifuata jiulize nani kaichora.

Njia ya ng'ombe utaijua kwa kugawanyika. Inajipasua vijia vitatu vinne kuzunguka kichaka, halafu vinakutana tena mbele. Ng'ombe hapendi mwinuko mkali, hivyo njia yake hupanda kwa kuzungukazunguka, na hiyo kwa baiskeli ni raha tupu. Mwisho wake ni maji au mnada. Njia ya wabeba maji ni ngumu, nyembamba na imenyooka, kwa sababu kijana mwenye madumu manne nyuma hawezi kucheza na mchanga. Amekwisha kukuchagulia udongo mgumu, wewe mfuate tu. Njia ya kuni ndiyo ya kuogopa. Inapanda kilimani vizuri kabisa, inakupa moyo, halafu inafia katikati ya mawe pale pale mkata kuni wa mwisho alipofunga mzigo wake.

Hiyo ndiyo iliyonipata. Mwaka wa pili wangu hapa nilipanda vilima vya Ntyuka kwa njia ya kuni, saa 7 mchana, na chupa moja ya maji. Njia ikaniacha juu. Nikaona uvivu kurudi nilikotoka, nikateremka upande wa pili nikiwa nimebeba baiskeli begani kupitia vichaka vya kikwata. Nilipofika chini magurudumu yote mawili yalikuwa yamelala na shati lilikuwa matambara. Kijana mchunga ng'ombe, hajafika miaka 15, aliniketisha chini ya mti, akatoa kisu, akaanza kuchomoa miiba kwenye tairi mmoja mmoja huku akihesabu kwa sauti. Aliishia 23. Kisha akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu na hakuniuliza chochote. Mimi ndiye nilikuwa mwalimu, lakini siku ile nilikaa dawati la mbele.

Sasa miiba, maana ndiyo mlima wenyewe wa Dodoma. Ipo ya aina tatu, na kila mmoja una tabia yake. Mgunga una mwiba mweupe, mrefu, ulionyooka. Huo unapita tairi na tyubu kwa mpigo mmoja. Kikwata kina mwiba mfupi uliopinda kama ndoano, na huo ni adui wa nguo na ngozi zaidi. Halafu kuna mbigili, kile kijimmea kinachotambaa chini kwenye mashamba yaliyovunwa na pembeni mwa barabara. Punje yake haijali imeangukaje, ncha moja lazima itazame juu. Zile pancha zako 5 za siku moja, naweka dau, zilikuwa mbigili, na ulizipata ulipotoka njiani kumpisha mtu. Usitoke njiani, mwanangu. Simama katikati, teremka, acha yeye akuzunguke.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Mkulima wa huku hukata matawi ya miiba akazungushia shamba au zizi, na matawi hayo huburutwa kwa ng'ombe au kwa mkono, mara nyingi kwenye njia hiyohiyo unayoipenda. Ukiona mchanga una michirizi kama umefagiwa, hiyo si njia ya leo. Tafuta nyingine.

Dawa ni mbili. Ya kisasa ni tairi za tyublesi, yaani zisizo na tyubu ndani, zenye majimaji ya kuziba tundu kutoka ndani, na kama baiskeli yako imetoka Nairobi huenda rimu zake zinakubali. Kagua majimaji hayo kila baada ya miezi michache, maana joto la huku huyakausha upesi. Ya kizamani ni ile ya mafundi wa Sabasaba: tyubu kuukuu inapasuliwa kwa urefu, inatandikwa kati ya tairi na tyubu nzima. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini mbigili nyingi zinaishia humo. Na ukichomwa ukiwa mbali na huna majimaji, usikurupuke kuchomoa mwiba. Ukibaki mahali pake ndio kizibo chako; unaweza kukufikisha kwenye kivuli, au hata kwa fundi.

Hapo kwa fundi sasa, tazama valvu zako. Kama ni zile nyembamba za Presta, pampu ya fundi wa kijijini haitaingia, mtabaki mnatazamana. Nunua kile kichwa kidogo cha kubadilishia, ukifunge kwa uzi kwenye funguo za nyumba. Au weka tyubu zenye valvu kama ya pikipiki, maana bodaboda wako kila mahali na upepo wao unafaa. Tyubu za magurudumu ya 29 zinapatikana kwa taabu madukani hapa, rafu zimejaa 26 na 28. Ya 28, ile ya Phoenix, huingia kwenye 29 kwa dharura ukiivuta kidogo. Nimeifanya, haijaniaibisha.

Mchanga ni nidhamu tu. Kabla hujaingia korongo punguza upepo kwenye matairi, weka gia nyepesi ukiwa bado kwenye udongo mgumu, kaa nyuma ya tandiko, legeza mikono, na usiguse breki. Gurudumu la mbele litayumba kama mlevi, liache liyumbe. Ukishindwa, sukuma, hata wabeba maji wanasukuma. Siku tamu kuliko zote ni ya baada ya mvua za kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, mchanga ukiwa umeshikana. Lakini mvua zikikolea usimwamini korongo mkavu: maji ya mvua iliyonyesha mbali huja bila wingu lolote kichwani pako. Na zile mbuga za udongo mweusi zisahau mpaka Mei, zitakujengea matofali kwenye fremu.

Kuhusu wapi. Anzia karibu na watu. Vilima vya Chuo Kikuu, kuteremkia Ng'hong'hona, vina vijia vya wanafunzi na vya wanakijiji vilivyopishana kama ukili, na ukipotea unaona majengo ya chuo. Ukishazoea, nenda kaskazini: Miyuji, Msalato, Veyula, mpaka kwenye zabibu za Makutupora. Jumamosi ni siku ya mnada Msalato, njia zinajaa mifugo. Toka mapema sana, au fanya kama mimi, nenda kwa ajili ya nyama choma. Kusini, Ntyuka kuelekea Mvumi ndiko penye vilima vya kukutoa jasho, na mimi hapo nimeshakueleza habari zangu. Bwawa la Hombolo, lile la mwaka 1957, ni safari ya siku nzima, kama kilomita 40 kwenda tu, usiende peke yako. Ile barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 imekata njia nyingi za zamani. Ukikuta njia imegonga tuta la barabara, tafuta kalavati, ng'ombe wameshaligundua kabla yako. Kilima cha mawe cha Lion Rock panda kwa miguu, baiskeli iache nyumbani.

Umeshuka kama mita 600 kutoka Nairobi, pumzi utakuwa nayo. Kitakachokuangusha ni jua. Saa 4 asubuhi uwe unarudi, na kuanzia Juni hadi Septemba anza kwa kuelekea mashariki, upepo ukupige usoni ukiwa na nguvu na ukusukume mgongoni ukiwa umechoka.

Beba nakala ya kibali chako cha kuishi. Bango likisema eneo la jeshi, usijadiliane nalo, geuza. Mbwa wa bomani akikujia, teremka na uiweke baiskeli katikati yenu, usimkimbie. Na usipumzike chini ya mbuyu kabla ya kutazama juu, mibuyu mingi imetundikwa mizinga, na nyuki hawapendi harufu ya jasho.

Mwenye nyumba wako mlipe kodi yake kwa wakati. Habari ya kaptura ni yako na mumeo, na hata mumeo ni kwa ushauri tu. Ila mimi ningevaa suruali ndefu nyepesi, kwa ajili ya kikwata. Kanga moja mkobani haina uzito: ya kujifunga ukifika kijijini kuomba maji, ya kukalia, na siku moja nilimwona mama wa Bihawana akiitumia kufungia tairi lililopasuka.

*Mwalimu, nimeona baiskeli ya gia ya mtumba, ina shokapu mbele na nyuma, muuzaji anataka laki 2 na nusu. Nasoma Chuo Kikuu, nataka kuanza kupanda milima. Ninunue?*
*Mwanafunzi, Ng'hong'hona*

Shokapu ya nyuma ya bei hiyo ni springi ya kitanda. Kila ukikanyaga pedeli inakunywa nusu ya nguvu yako, na bushi zake zikilegea hutapata vipuri. Tafuta yenye shokapu ya mbele tu, au isiyo nayo kabisa. Kabla ya kutoa hela igeuze miguu juu, zungusha magurudumu, tazama kama rimu inacheza. Kamata pedeli uitikise kushoto na kulia. Kagua fremu chini ya rangi mpya, maana rangi mpya kwenye baiskeli kuukuu inaficha mahali palipochomelewa. Hela inayobaki nunua kofia ngumu na pampu.

*Kila siku Dodoma mjini, Dodoma mjini. Sisi wa Kondoa hatuna milima?*
*Mrangi mwenye wivu*

Mnayo, tena mnatushinda, ndiyo maana naiweka akiba. Vijana wenu wanapita kwenye makorongo bila kujua kwamba baadhi ya hayo yalikuwa somo langu la jiografia kwa miaka 20. Ardhi ilikuwa imeliwa na maji mpaka mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ukaanza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka ili majani yarudi. Leo yale makorongo yaliyoota nyasi na vichaka yana kuta na mikunjo ambayo mtu wa baiskeli angeilipia. Njia za Haubi nilizipita mara moja tu, na mkono wangu wa kushoto bado unazikumbuka mvua ikikaribia.

Ukipeleka wageni Kolo kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, anzeni ofisini mpate mwongozaji. Baiskeli ziacheni chini, mpande kwa miguu, na michoro isiguswe hata kwa ncha ya kidole. Halafu niandikie barabara ya kuteremkia upande wa nyikani ikoje siku hizi, nina tairi jipya.