Muuaji Namjua Kabla ya Mpelelezi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Tanga. Riwaya za upelelezi nazipenda mno, ila zimeanza kunichosha. Nyingi nikifika katikati muuaji nishamjua. Nyingine nafika mwisho nikajiona nimedanganywa, maana muuaji hakutajwa popote. Kosa ni langu au la mwandishi? Tena, vitabu vya mtumba ninavyonunua Ngamiani vinaota ukungu na kurasa zinachomoka. Nifanyeje?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Kudanganywa ni kosa la mwandishi. Mwaka 1929 padri Mwingereza Ronald Knox, naye mtunzi wa riwaya hizo, aliweka kanuni kumi. Ya kwanza inataka mhalifu atajwe mapema. Nyingine zinamkataza mpelelezi kumficha msomaji dalili, na zinakataza pacha kuzuka bila msomaji kuandaliwa. Basi mwandishi akikuletea mjomba kutoka Mombasa kwenye sura ya mwisho, una haki ya kununa.

Kumjua muuaji mapema ni jambo jingine. Wasomaji wengi hawafuati dalili, wanafuata mazoea ya waandishi: wakimwona mkarimu asiye na kazi yoyote katika hadithi, wanamnyooshea kidole. Jaribu hivi. Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: jina, alikosema alikuwa, na nani amethibitisha. Jaza kadiri unavyosoma. Ukifika theluthi mbili ya kitabu, kifunge, uandike jina moja na dalili tatu zenye namba za kurasa. Dalili tatu zikikosekana, umebahatisha tu. Zitafute katikati ya orodha, pale panapotajwa funguo, miwani, kikombe na kofia kwa pamoja, au sentensi moja kabla ya ugomvi, kwani jicho hukimbilia ngumi. Kisha kirudie kitabu ukiwa unajua mwisho wake. Hapo ndipo utaona fundi alivyosuka.

Wala usizipime riwaya zote kwa mizani moja. Riwaya za mpelelezi Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni fumbo: nani kafanya? Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), ni jasusi, na swali ni atatokaje salama. Ukimsoma Gamba kama Bwana Msa utachoka bure.

Sasa vitabu. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi, na mwambao wetu hufika huko bila shida. Sogeza rafu vidole vitatu kutoka ukutani, wala usivifunge kwenye mfuko wa plastiki. Kilichoota kianike kivulini penye upepo. Kikikauka, kipanguse kwa brashi laini nje ya nyumba, pua umeifunika. Jua kali hukausha gundi ya mgongoni ikapasuka, na kurasa huchomoka kwa sababu hiyo. Ukurasa uliotoka upake gundi nyeupe ya mbao ukingoni, nyembamba kama uzi, uurudishe, ukandamize kitabu kwa tofali usiku kucha. Gundi ikizidi, kurasa za jirani zitashikana.

Na kabla ya kulipa, fungua nyuma. Kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo hutangulia kuanguka, na riwaya ya upelelezi iliyokosa kurasa nne za mwisho usiichukue hata kwa shilingi mia.