Kilomita 4,800 kwa siku nane: je, fedha na nguvu zitatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni marafiki wanne tunaotaka kuivuka nchi kutoka mpaka mmoja hadi mwingine na kurudi, kwa kutumia gari langu lenye umri wa miaka 14. Tuna likizo ya siku nane, na tumechagua vituo saba ambavyo, kwa mujibu wa ramani ya simu, vinafanya mzunguko wa kilomita 4,800. Kwa kuwa fedha zetu ni chache, tumefikiria kuendesha usiku kwa kupokezana ili tusilipie malazi. Je, mpango huu unatekelezeka? Na kwa kuwa gari ni langu, tugawane vipi gharama bila kukosana?

JIBU: Ndugu msomaji, nimeipenda nia yenu, lakini mpango huo kama ulivyo hautekelezeki, na nawaomba mliache wazo la kuendesha usiku kabla ya kujadili jambo jingine lolote. Mwili wa binadamu hulemewa zaidi na usingizi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na hulegea tena kidogo mchana kati ya saa nane na saa kumi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 hupungukiwa na wepesi wa akili na mikono kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Kupokezana usukani hakuondoi hatari hiyo, kwa sababu anayelala kwenye kiti cha gari linalotikisika huamka akiwa bado amechoka. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita zaidi ya mita 110 katika sekunde nne, na sekunde nne zinatosha kabisa kwa dereva kusinzia bila kujijua.

Sasa tuutazame umbali wenyewe, ambao ndio chanzo cha matatizo yenu yote, pamoja na hilo la fedha. Kilomita 4,800 kwa siku nane ni kilomita 600 kila siku bila hata siku moja ya mapumziko. Muda unaoonyeshwa na ramani hauhesabu kujaza mafuta, kula, kwenda msalani, wala kupotea njia. Ukiyaingiza hayo, mwendo wa wastani wa safari ndefu hushuka kwa urahisi hadi kilomita 65 kwa saa, nanyi mtakuwa barabarani kwa zaidi ya saa tisa kila siku. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, dereva wa lori, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, hulazimishwa na sheria kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha kwa muda wa saa nne na nusu, na kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa tisa za usukani kwa siku. Ninyi mnakwenda kutembea, si kusafirisha mizigo, na mkifika kila mahali jua limezama hamtaona chochote mlichokilipia.

Ushauri wangu ni kwamba mchague vituo vitatu kati ya vile saba, mzunguko wote usizidi kilomita 2,400, na katika kila kituo mlale angalau usiku mbili. Tuseme gari lenu, likiwa na watu wanne na mizigo, linatumia lita 9 kwa kila kilomita 100. Mzunguko wa kwanza unahitaji lita 432, na huu mfupi lita 216. Zidisheni lita 216 mtakazookoa kwa bei ya mafuta ya huko mliko, nanyi mtaona kwamba fedha ya malazi mliyokuwa mkiitafuta gizani ilikuwa ndani ya tangi. Tena, anayelala zaidi ya usiku mmoja mahali pamoja ana nafasi nzuri ya kuomba punguzo na kujipikia.

Mwendo nao una gharama yake. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 90 hadi 120 kwa saa kizuizi hicho hukua kwa karibu asilimia 78, ilhali katika kilomita 300 mtaokoa dakika 50 tu. Mizigo ya kwenye paa ni mbaya zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani: katika mwendo wa barabara kuu, sanduku kubwa la juu linaweza kupunguza umbali unaopatikana kwa kila lita kwa asilimia 10 hadi 25. Kila kinachoweza kuingia kwenye buti kiingie humo, na kisichoenea kibaki nyumbani.

Kuhusu kugawana gharama, si haki wewe mwenye gari ulipe sawa na wenzako, kwa sababu matairi, breki na injini vinachakaa kwa ajili ya wote. Gawanyeni gharama ya mafuta mafungu saba, kila mwenzako alipe mawili nawe ulipe moja. Malazi na chakula mlipe sawa. Pancha ilipwe na mfuko wa pamoja, lakini ubovu uliokuwepo kabla ya safari uwe wako, na hayo myaandike mapema. Fedha zote zikusanywe kabla ya kuondoka, kisha asilimia 20 itengwe kwa ajili ya fundi au kuvutwa gari, na isiguswe kwa starehe hata siku ya mwisho. Hakikisheni pia kwamba bima yako inamtambua kila atakayeshika usukani.

Gari lipelekwe kwa fundi wiki mbili kabla ya safari, wala si siku moja kabla, kwa sababu kasoro ya matengenezo mara nyingi hujitokeza baada ya siku kadhaa za kuendesha. Akague breki, betri, mkanda wa feni na mipira ya rejeta. Nanyi someni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa kila tairi, ukiwemo wa akiba: 2319, kwa mfano, maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baada ya hapo jazeni tangi hadi juu, mpande wote wanne na mizigo yote, mwende kilomita 300 kwa siku moja, kisha mjaze tena, mhesabu lita zilizoingia na kuzigawa kwa tatu ili mpate lita za kila kilomita 100. Kipimo hicho ndicho mtakachokiweka badala ya lita 9 nilizokisia hapa; kikizidi lita 11, ondoeni kituo kimoja kati ya vile vitatu badala ya kuigusa ile asilimia 20 mliyoitenga.