Pensheni ya afisa na bei zinazopanda: maswali na majibu

Nilistaafu nikiwa meja. Pensheni yangu haijakatwa hata senti, mbona kila mwaka inanunua vichache zaidi?

Afande, kiasi hakikupungua. Kilichopungua ni uwezo wake wa kununua. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka na pensheni ikasimama palepale, baada ya miaka 12 itanunua takribani nusu tu ya ilichonunua mwanzoni. Afisa huumia zaidi kuliko watumishi wengi wa kiraia, kwa kuwa majeshi mengi humstaafisha kwa ukomo wa umri unaofuata cheo, mara nyingi watoto wakiwa bado shuleni, na hivyo pensheni yake hulazimika kukabiliana na mfumuko wa bei kwa miaka mingi zaidi.

Wenzetu kwingine hulindwaje?

Marekani huirekebisha pensheni kila mwaka kwa kufuata fahirisi ya bei za walaji, yaani kipimo cha jinsi bei za mahitaji ya kawaida zinavyopanda. Uingereza nayo hufanya hivyo, ingawa mwaka 2011 ilibadili fahirisi, na hiyo mpya kwa kawaida hupanda polepole kuliko ya awali. India mwaka 2015 iliridhia kwamba wastaafu wa cheo kimoja na muda mmoja wa utumishi walipwe sawa bila kujali mwaka waliostaafu, na viwango vipitiwe upya kila baada ya miaka 5. Posho ya ughali wa maisha huko huhesabiwa kando, nayo hurekebishwa mara 2 kwa mwaka.

Nakaribia kustaafu. Nichukue mkupuo mkubwa, yaani sehemu kubwa ya pensheni kwa pamoja badala ya kila mwezi?

Kabla ya kusaini, tafuta katika kanuni kifungu kinachosema kama pensheni ya mwezi hupandishwa bei zinapopanda. Kama hupandishwa, kila sehemu unayoigeuza kuwa mkupuo ni kinga unayoiuza, na mara nyingi unaiuza kwa bei ya chini. Kama haipandishwi, mkupuo una mantiki, mradi uingie kwenye mali ambayo thamani yake huenda na bei. Angalia pia mshahara uliotumika kukokotoa: ni wa mwisho au wastani wa miaka kadhaa, na je, posho zimehesabiwa? Nimewaona maafisa waliosoma ramani za vita kwa miaka 30 wakitia saini karatasi hii baada ya kutazama tu jumla iliyoandikwa chini yake.

Nikifariki, mke wangu atapata kiasi hichohicho?

Kwa kawaida hupata sehemu yake tu; Marekani ni hadi asilimia 55, kwa mstaafu aliyechangia mpango wa warithi. Uliza kama sehemu hiyo nayo hupandishwa.